Pasaka Bila Kuziba Mtaro: Mwongozo Kamili kwa Familia ya Nairobi

Jumatatu moja ya Pasaka, baada ya mvua kupiga usiku kucha, nilishuka chini ya ploti yetu hapa Umoja nikiwa na malapa na mpini wa fagio. Maji yalikuwa yameanza kuingia kwa jirani wa nyumba ya chini. Nilipouchokora mtaro, iliyotoka mle ilikuwa sherehe yetu wenyewe: zile sahani nyeupe nyepesi zinazovunjika kama biskuti, vikombe, chupa za soda, utepe wa baluni, na karatasi ya dhahabu ya yai la chokoleti ambalo kifungua mimba wangu alilimaliza kwa dakika mbili. Ile karatasi niliitambua kwa sababu niliinunua mimi.

Tangu siku hiyo Pasaka yangu naipanga nikianzia mtaroni. Sikukuu hii huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, kwa kuwa hufuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Kwa watu wa Ulaya hayo ni majira ya maua kuchanua na makoti kuvuliwa. Kwetu ni mlango wa masika. Ulichotupa Jumapili jioni, mvua ya Jumatatu inakichukua, na kuna mtu anayeishi bondeni ambaye kitamfikia mlangoni. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Aprili haikwisha kabla Mathare haijafurika, na kufikia Mei watu zaidi ya 200 walikuwa wamefariki kwa mafuriko kote nchini. Sisemi ni sahani zetu zilizoleta mvua ile. Nasema mtaro uliozibwa hauna mahali pa kuipeleka.

Jambo moja kabla hujaanza: sikukuu isiyochafua haihitaji vitu vipya. Ukikuta dukani kikapu cha Pasaka kimeandikwa "rafiki wa mazingira" na kimeviringishwa plastiki juu hadi chini, kiache hapo. Vingi utakavyohitaji viko nyumbani, kwa fundi wa cherehani, au kwa mama mboga.

Wiki mbili kabla: hesabu vichwa

Chakula kinachomwagwa Pasaka huanzia kwenye woga: mgeni asije akakosa, tukaonekana wachoyo. Dawa ya woga huo ni simu. Mpigie kila anayekuja, muulize wako wangapi, nani analala, na watoto ni wa umri gani. Andika. Kisha pima kwa vipimo ambavyo mimi nimevijaribu miaka kadhaa sasa: kilo moja ya mchele hutosha watu wanane kama kuna chapati, pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa chapati ishirini na kitu za ukubwa wa kawaida, kilo moja ya nyama yenye mifupa ni ya watu wanne. Kachumbari ikate kidogo kidogo mezani watu wakiendelea kula, maana ndiyo huharibika kwanza na ndiyo hujaza ndoo ya taka kwanza.

Ukiwa bado kwenye simu, mwambie kila mgeni aje na bakuli lake lenye mfuniko au hotipoti. Atacheka. Lakini sote tunajua hakuna anayeondoka kwenye sherehe ya Nairobi bila kufungiwa chakula, na kama hakuja na chombo, utakifunga kwa nini?

Kuhusu nyama, ushauri wangu ni aina moja. Kuku, mbuzi na ng'ombe kwenye meza moja ni maonyesho, na kesho yake utakuwa na sufuria tatu za mabaki badala ya moja. Nyama ya ng'ombe ndiyo yenye gharama kubwa kwa mazingira, kwa sababu ya malisho, maji na gesi ya methani anayocheua mnyama mwenyewe. Kuku ana gharama ndogo zaidi. Mbuzi yuko katikati, na uzuri wake ni kwamba anagawika. Sisi tunachangia mbuzi mmoja nyumba nne. Mmoja wetu anaenda machinjioni Kiamaiko alfajiri ya Jumamosi na ndoo mbili safi zenye vifuniko, nyama inarudi humo bila mfuko hata mmoja, na matumbo na kichwa vinapata mwenyewe papo hapo badala ya kutupwa. Na kwa kuwa kule wachinjaji ni Waislamu, jirani yetu wa orofa ya pili naye anakula bila wasiwasi. Siku ya Idd zamu inageuka.

Mboga zinunue siku moja kabla, za msimu. Masika ndiyo wakati wa mnavu, mchicha na kunde kunenepa kwenye vibanda, na bei yake hushuka mvua ikishika. Nenda na kikapu chako. Sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza tarehe 28 Agosti 2017, lakini wengi wetu tuliihama mifuko ile tukahamia ile ya kitambaa chepesi cha rangi rangi, ambayo nayo ikichakaa mara mbili tatu inaishia mtaroni. Kikapu cha makuti au kiondo cha mkonge kinakaa miaka kumi.

Vyombo na vinywaji

Hapa ndipo penye taka nyingi, na ndipo pepesi kuliko pote. Sahani za kutupa zinatumika nusu saa. Uliza chama chochote cha kina mama mtaani kwako kama wana vyombo. Vyama vingi vilinunua sufuria kubwa, sahani ngumu na vikombe kwa ajili ya matanga na harusi, na wakati wa Pasaka vinakaa tu kwenye gunia chini ya kitanda cha mweka hazina. Sisi hulipa pesa kidogo inayoingia kwenye mfuko wa chama, tukarudisha vikiwa vimeoshwa. Kama huna chama, kila nyumba ilete sahani sita na kila mmoja apake doa la rangi ya kucha chini ya sahani zake ili zisipotee.

Kuosha kunatisha watu kwa sababu ya maji ya mgao. Lakini hii ni masika. Weka beseni na mapipa chini ya paa la mabati siku mbili kabla. Mvua ya dakika kumi za kwanza iache imwagike, inakuja na vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga inayofuata. Maji hayo si ya kunywa. Yanafaa kusugua sufuria na kusuuzia mara ya kwanza. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mfereji.

Soda nunua za chupa ya glasi, kreti nzima, zile ambazo unaacha pesa ya chupa dukani. Chupa hiyo hurudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa tena. Ya plastiki hata ikiokotwa inaanza safari ndefu. Maji ya kunywa chemsha, weka kwenye mtungi wa udongo au dispensa, na juisi tengeneza ya ukwaju au ya maembe. Mirija sahau, hata watoto hawaiulizii wasipoiona.

Kati ya Jumapili ya Matawi na Alhamisi

Jumapili ya Matawi, kila mtu achukue jani moja la mtende. Nimeona familia zikibeba matawi mazima yaliyokatwa usiku kwenye uzio wa watu. Jani moja linatosha kusuka msalaba, na msalaba huo ukae ukutani mwaka mzima. Kabla ya Jumatano ya Majivu ya mwaka unaofuata parokia huyakusanya, yakachomwa na kuwa majivu ya kupakwa kwenye paji la uso. Kanisa liliijua habari ya kutotupa kitu zamani sana.

Nguo za sikukuu: mitumba ya Gikomba au Toi, au sanduku la binamu aliyekua. Nimemaliza hapo.

Mapambo: pita kwa fundi wa cherehani anayeshona vitenge, umwombe vipande vinavyoanguka chini ya mashine. Kata pembetatu, zishone kwenye kamba ndefu, una bendera za sebuleni ambazo mwaka huu ni za Pasaka na mwaka ujao ni za ubatizo. Vipande vinavyobaki usitupe, vina kazi Ijumaa. Baluni nimeziacha kabisa, na mtoto wa miaka mitano alinuna siku moja tu.

Kazi kubwa ya wiki hii ni kukusanya maganda ya vitunguu. Mweleze mama mboga mapema. Wangu aliniangalia alivyoniangalia.

"Maganda? Si vitunguu?"

"Maganda tu, mama. Nataka kupaka mayai rangi."

"Haya, chukua hata gunia. Unifagilie na kibanda ukimaliza."

Nilifagia. Nikaondoka na mfuko wa unga umejaa maganda mekundu makavu, bure.

Ijumaa Kuu: kikapu cha joto

Siku ya kufunga, hakuna nyama, ni maharagwe au githeri. Kwa hiyo ni siku nzuri ya kujaribu kikapu cha joto kabla ya kukitegemea Jumapili. Ukichukua hatua moja tu kwenye mwongozo huu wote, chukua hii, kwa maana kuni na makaa huila misitu, na pamoja na gesi huula mfuko wako.

Wazo lenyewe ni jepesi. Sufuria ikishachemka, chakula hakihitaji moto zaidi, kinahitaji tu lile joto lisitoroke. Tafuta kikapu kirefu ambacho sufuria yako inaingia ikiwa na nafasi ya kiganja pande zote. Tandika ndani blanketi kuukuu. Jaza kati ya blanketi na kikapu vile vipande vya kitenge vilivyobaki, uvishindilie chini kwanza halafu pembeni, mpaka katikati pabaki shimo la sufuria tu. Shona mto mnene wa kufunika juu. Kazi ya jioni moja.

Maharagwe yaloweke tangu Alhamisi usiku, mwaga yale maji. Yabandike kwenye maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Usiharakishe hapa: maharagwe, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali, na kikapu peke yake hakiwezi kuivunja. Kisha funika, ipua, ingiza kikapuni upesi, bana mto juu, na usifungue kwa saa tatu au nne. Kuchungulia kumoja kunapoteza joto la nusu saa. Sufuria iwe imejaa karibu yote, kwani sufuria yenye chakula kidogo chini na hewa tupu juu hupoa. Wali unahitaji dakika tano za mchemko na kama saa moja kikapuni. Nyama ya mbuzi ya mchuzi, nusu saa ya moto na saa tatu za kikapu, halafu irudi jikoni ichemke tena kabla ya kupakua.

Mara ya kwanza maharagwe yangu yalitoka magumu. Nilikuwa nimefunika kwa leso moja. Mto uwe mnene kweli.

Jumamosi: mayai

Yai la Pasaka si desturi ya mababu zetu, wala sina haja ya kujifanya ni yetu. Lakini watoto wameyaona kwenye majumba makubwa ya biashara, na kati ya yai la plastiki lililojaa peremende na yai la kuku lililopakwa rangi ya kitunguu, mimi najua lipi litaliwa na lipi litaokotwa mtaroni.

Chagua mayai yenye ganda jeupe au la rangi ya maziwa. Ya kienyeji mara nyingi ndiyo yako hivyo. Yale ya kahawia ya trei hushika rangi ya kitunguu tu, tena kwa giza. Jaza maganda hadi nusu ya sufuria ya lita mbili, mimina lita moja ya maji, chemsha dakika 30. Maji yatakuwa meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa. Chuja, acha yapoe kabisa, tia vijiko viwili vya siki. Siki hulainisha ganda kidogo ili rangi ishike.

Sasa waite watoto. Kila mmoja alowanishe jani dogo la dhania, alibandike kwenye yai, alinyooshe kwa kidole mpaka meno yote ya jani yamelala. Zungushia kipande cha soksi ndefu ya kike iliyotoboka, vuta ikaze, funga fundo nyuma. Mayai yaingie kwenye rangi yakiwa baridi, yachemke taratibu dakika 10 hadi 12, kisha yaache humo yapoe. Kukata ile soksi ndiyo raha yote. Yai linatoka na rangi ya udongo wa Murang'a, na pale palipokuwa na jani pamebaki alama nyeupe yenye kila mshipa. Binti yangu alikaa na lake mkononi, akakataa kulila mpaka nyanya yake alione.

Kwa manjano weka vijiko viwili vikubwa vya bizari ya manjano. Kwa buluu, nusu ya kabichi ya zambarau iliyokatwakatwa, na mayai yakae ndani ya maji hayo usiku kucha. Bitiruti hunivunja moyo kila mwaka: ndani ya sufuria ni damu, juu ya yai ni waridi iliyofifia. Futa mayai yakiwa makavu kwa tone la mafuta ya kupikia, yang'ae.

Yakae kwenye friji, yaliwe ndani ya wiki. Lililozurura nje kwa zaidi ya saa mbili usimpe mtu. Kabla ya kuyaficha yahesabu, uandike na mahali ulipoyaweka. Nina sababu ya kusema hivyo, na sababu hiyo ilinuka nyuma ya kabati hadi Mei.

Kikapu cha kuokotea tunacho: kiondo. Ndani, badala ya zile nyuzi za plastiki za kijani, weka nyasi kavu au karatasi za gazeti zilizokatwa nyembamba. Kama lazima kuwe na peremende, weka kashata, simsim na karanga kwenye vipande vya jani la mgomba vilivyopitishwa motoni kidogo ili vilainike.

Jumapili

Ukirudi ibada, chakula kinachohitaji muda kiwe tayari kikapuni tangu asubuhi. Gesi ibaki kwa chapati. Chapati hazina njia ya mkato. Lakini kaanga zote mfululizo kikaango kikiwa na joto, na uzifungie kwenye kitambaa ndani ya hotipoti, ili usirudi kupasha moja moja.

Nyama choma ni swali gumu, kwa sababu Pasaka bila moshi kwenye ua watu wengine wanaiona kama Jumapili ya kawaida. Kama ni lazima, choma kipande cha kuonja na nyingine iwe ya mchuzi. Tumia jiko lenye udongo ndani, linalotunza joto, si lile la bati tupu. Badala ya makaa ya magunia ya barabarani, tafuta yale ya vumbi la makaa linalofinyangwa na udongo likawa vitonge. Akina mama mitaani huyauza kwa debe. Huchelewa kushika, yakishika yanadumu. Na mvua ikianza, tafadhali usilivute jiko ndani ya nyumba. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, inalaza watu wasiamke, na hilo hutokea hasa msimu huu wa baridi na mvua.

Mtu wa kupakua awe mmoja, na apakue kidogo. Mtoto apewe robo chapati kwanza. Anayetaka zaidi ataongezewa, na utashangaa jinsi sahani zinavyorudi tupu. Pilau iliyobaki isiachwe kwenye sufuria kubwa hadi usiku: itandaze kwenye sinia ipoe upesi, na ndani ya saa mbili iingie kwenye friji au kwenye bakuli za wageni. Usiye na friji, gawa jioni hiyo hiyo. Mlinzi wa lango na kijana wa taka nao wana Pasaka.

Ndoo ya maganda

Hii iweke tayari tangu Jumamosi, maana maganda ya viazi na vitunguu huanza hapo. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba za Nairobi ni mabaki ya chakula na maganda. Yakichanganywa na chupa na karatasi, vyote viwili vinaharibika: chupa haiuziki, na maganda yanakwenda kuozea Dandora, jalala lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa limejaa mwaka 2001, ambalo bado linapokea. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka kila nyumba itenganishe. Kwangu mimi sheria haikuwa na uzito kama ule mtaro, lakini ipo.

Chukua ndoo ya rangi ya lita 20. Choma msumari kwenye moto, toboa matundu kama kumi chini na mengine kuzunguka pembeni. Iweke juu ya matofali mawili, na beseni chini yake la kukinga maji. Tandika vijiti chini. Kisha kila ukitia konzi moja ya maganda, tia konzi mbili za kitu kikavu: vumbi la mbao kutoka kwa seremala, majani makavu, au trei za mayai zilizochanwa vipande vidogo. Pasaka ina trei nyingi, zitumie. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, vitaleta panya. Maganda ya mayai yaponde kwanza. Funika kwa kifuniko, maana mvua ikiingia umekwisha.

Yangu ya kwanza ilinuka hadi mwenye nyumba akapanda ngazi. Nilikuwa nimejaza maganda ya mananasi ya sherehe nzima bila hata jani moja kavu. Nilimwaga vumbi la mbao, nikakoroga kwa mwiko wa zamani, na baada ya siku nne harufu ikawa ya shamba. Kwa hiyo kanuni ni moja: ikinuka, ongeza kikavu. Igeuze kila wiki. Miezi miwili hadi mitatu baadaye utakuwa na mboji nyeusi inayovunjika mkononi.

Mboji hiyo ina kazi. Gunia la kilo 90, sehemu mbili za udongo kwa moja ya mboji. Katikati simamisha mkebe mrefu usio na kitako, ujaze mawe, rundika udongo pembeni, uuvute mkebe juu na kujaza tena, hadi gunia liwe na nguzo ya mawe ya kupitisha maji. Toboa pembeni, panda sukuma na mnavu, miche 30 hivi. Kibera wamelima hivyo kwa miaka mingi, na mimi nina gunia mbili kwenye roshani.

Jumatatu: kutoka

Karura ina takriban hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, ina maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Ingekuwa nyumba za matajiri leo kama Wangari Maathai na wenzake wasingepigwa pale Januari 1999 wakiupigania. Waeleze watoto hilo mkiwa njiani. Nendeni kwa matatu hadi geti la Limuru Road, kwingine mtembee kwa miguu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na misitu ya taifa, kwa hiyo chupa ya maji iwe ya chuma na mikate iwe kwenye bakuli. Mayai yaliyobaki yanafaa sana hapa, ila usimpe tumbili hata kipande. Akizoea mkono wa mtu atapora wa mtoto anayefuata. Karura ikijaa, Arboretum iko, tena karibu na mjini.

Wanaokwenda mashambani wana nafasi nzuri zaidi: kupanda mti mvua ikiwa imeshika. Nunua miche ya kienyeji, wauzaji wa barabarani wanaijua kama muringa, mutarakwa au muthiga. Mkaratusi usiupande karibu na mto. Chimba shimo la kina cha goti, udongo wa juu uweke kando, wa chini kando. Vua kile kimfuko cheusi cha plastiki, kwa sababu watu wengi hupanda nacho na mizizi inajinyonga, na ukirudishe kwa aliyekuuzia. Wengi hukitumia tena. Rudisha udongo wa juu kwanza, shindilia kwa kisigino, tandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuligusa. Kisha mpe mti mwenyewe: jina la mtoto, na simu kwa nyanya kila Jumapili kuanzia Juni, mvua ikikatika, kuuliza kama umemwagiliwa.

Jumatatu usiku pitia mtaro mara moja na tochi. Chupa za plastiki za wageni zifunge pamoja, safi, umpe mwokotaji mkononi badala ya kumwachia azifukue. Kreti irudi dukani Jumanne mapema. Mwaka jana chupa moja ilipungua, mwenye duka akanikata pesa yake, na niliikuta Juni nyuma ya mlango ikiwa na ua la waridi lililokauka ndani. Nimeiacha hapo hapo, ina ua jipya.